Papa Damien Ndayambaje, aliyefundisha mashini kusema kabla ya kuzimika

Mapadri wetu, wazee, wamama, majirani wa Himbi na wa Mugunga, aksanti kwa kufika. Familia imeomba Mama Athanasie, mudogo wa marehemu, asome maisha yake. Alikataa mara ya kwanza, akakataa tena, kwani mutu atasoma namna gani maisha ambayo nusu yake hakuielewa? Wakamwambia: soma ile unajua. Basi ndiye huyu anayesoma. Pale atakapochanganyikiwa mumuvumilie, hata nyinyi mulichanganyikiwa.

Damien Ndayambaje alizaliwa hapa Goma tarehe 3 mwezi wa tano 1950, mutoto wa kwanza wa Papa Paul Habarurema, seremala, na Mama Nyiramahirwe wa milima ya Masisi. Athanasie alimufuata nyuma ya miaka miwili.

Tarehe 12 mwezi wa nane 1957, Papa Habarurema alibeba musumeno na randa, akaenda kutengeneza mulango wa nyumba moja kule Munigi. Alipofika kwenye njia aligeuka, akasema: “Nikirudi, kuna neno moja nitawaambia.” Hakurudi na miguu yake. Alianguka njiani, wakamuleta kwenye kipoyi, watu wanne wakimubeba, mudomo umefunga.

Neno gani? Hapo ndipo familia ilipotea mupaka leo. Mama alisema hakika lilikuwa juu ya ng'ombe. Baba mudogo Munyakazi akasema hapana, muzee alitaka turudi Masisi. Wakabishana siku zote za kilio, karibu wapigane mbele ya wageni. Athanasie, mwenye miaka tano, alijua kabisa kama neno lenyewe lilikuwa viatu vyake vipya, na hata sasa hajaona sababu ya kubadilisha. Damien peke yake hakubisha. Alikaa kwenye mulango, mikono kwenye magoti, akauliza: “Mama, mutu akianguka, neno lake linaenda wapi?” Mama akamutuma kuteka maji.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri hapa Goma, sekondari Bukavu, kisha mahesabu kwenye universite kule Kinshasa. Mwaka 1973 alipata burusi ya masomo, akaenda Liège, Ubelgiji. Huko alikutana na ordinateri, ile munaita kompyuta, na toka siku ile tukaanza kutomwelewa vizuri.

Tarehe 26 mwezi wa saba 1975 alirudi, akafunga ndoa na Léocadie Mukamugema. Padri alimuuliza kama anamukubali Léocadie, Damien akanyamaza. Watu wakatazamana. Léocadie akamudunga kiwiko. Kumbe bwana arusi alikuwa anafanya mahesabu kichwani! Akasema “Ndiyo” kwa sauti kubwa sana, mupaka wapigaji wa ngoma wakaanza kabla ya saa yao. Wakarudi wote wawili Ubelgiji, na Mungu akawapa Florent, Béata na Zéphirin.

Sasa tufike kwenye kazi, na hapa anayesoma anaomba uvumilivu. Kwenye karatasi muliyo nayo mukononi, mutaona mustari mumoja tu: “Alikuwa injinia wa ordinateri.” Hiyo ilimuchoma Athanasie. Mutu amefanya kazi maisha yake yote, unamupa mustari mumoja? Basi leo asubuhi, karatasi zikiwa zimekwisha kutoka, alimwomba Florent amueleze ile kazi polepole, kama mutu anavyoeleza mutoto. Haya yanayofuata yanatoka kwa Florent.

Ndani ya kila ordinateri kuna sistemi, na katikati ya sistemi kuna kiini, ndicho kinachotawala vyote. Kiini kikianguka, mashini nzima inazimika, na yote iliyokuwa nayo kichwani yanapotea. Wakiiwasha tena haikumbuki kitu, na hakuna anayejua kilichoiangusha. Toka mwaka 1984, kwenye kampuni moja ya Brussels, Damien alifanya kazi ya kuongeza ndani ya kiini kile namna ya kusema. Kikisikia kinaanguka, kwanza kimwage kumbukumbu yake yote kwenye disiki, ili watu waisome na wajue ugonjwa.

Athanasie alikumbuka kama Damien aliwahi kujaribu kumwambia mambo haya, likizo moja.

“Kwa hiyo wewe unaungamisha mashini,” alimujibu siku ile.

“Karibu.”

“Na dhambi zake ni gani?”

Damien alicheka mupaka akavua miwani, lakini hakueleza zaidi.

Florent alifuata kazi ya baba yake, wakawa ofisi moja. Mwaka 2003 mashini ya depo moja ya vyakula ilianguka. Kiini, kikiwa kimekwisha potewa na akili, kilimwaga kumbukumbu yake mahali si pake, juu ya mambo mazuri ya depo, yote yakafutika. Damien hakulala vizuri wiki nyingi. Siku ya Noeli, wakiwa mezani, Florent akasema:

“Papa, mwenye kuanguka asiandike mwenyewe. Akili yake imekwisha haribika. Tenga nafasi kidogo pembeni, uweke kiini kingine kidogo. Kisifanye kazi yoyote, kingoje tu. Kikubwa kikianguka, kile kidogo kinaamka, ndicho kinaandika.”

“Kikae bure siku zote? Uvivu gani huo?”

“Si uvivu, Papa. Ni kungoja.”

“Mimi niliona muzee wangu akiletwa kwenye kipoyi! Na wewe mutoto utanifundisha kuanguka?”

Florent aliacha chakula kwenye sahani, akatoka. Aliacha na kazi ile, akaenda Kanada kufundisha mahesabu. Toka siku ile baba na mutoto hawakusemezana tena. Sisi wa Goma tulisikia tu kama wamekosana juu ya mashini, tukashangaa. Watu wanakosana juu ya shamba, wanakosana juu ya ng'ombe. Juu ya mashini?

Mwaka 2009 Damien na Léocadie walirudi, wakajenga Himbi. Majirani waliamini anatengeneza televizyo. Walimuletea redio zao, naye kwa heshima hakukataa, akazirudisha zimekufa zaidi. Kila siku ya Mungu, kisha misa, Athanasie alikula kwake, na Damien alimusindikiza mupaka barabarani, pale penye moto, zile pikipiki za kwenda Mugunga. Hapo alisema maneno yaleyale.

“Athanasie, weka hili. Mutoto alikuwa na haki. Kile alichosema nilikuja kukifanya mwenyewe, na kinatumika vizuri.”

“Mutoto gani?” Athanasie alimuuliza siku moja.

“Nikikutajia jina, utapiga simu leo.”

Ni kweli, angepiga.

“Basi mwambie Léocadie.”

“Léocadie? Atapiga simu mbele yako. Tena sisi tunalala nyumba moja, ikituangukia inatuangukia wote. Wewe uko pembeni. Usifanye kitu, ukae nalo tu. Siku nitaanguka, ulitoe.”

“Yaya, kaka yangu, juu ya nini humwambii wewe mwenyewe?”

“Nitamwambia. Nikipata namna.”

Siku hiyo hakucheka. Athanasie alipanda moto yake akifikiri uzee umeanza. Mutoto aliyesemwa, Athanasie alidhani ni Zéphirin, aliyeshauri wachimbe mufereji pembeni ya jiko. Damien alikuwa amekataa, jiko likajaa maji, kisha akachimba mwenyewe bila kusema kitu. Haki ilikuwa wazi kabisa.

Damien aliishi na tansion, ugonjwa wa damu kupanda, miaka mingi, na chumvi hakuiacha. Tarehe 9 mwezi wa tatu 2016 alianguka kwenye kiwanja cha nyumba yake. Hospitalini alifungua macho, lakini mudomo haukutii. Alimutazama Athanasie, akamutazama sana, mupaka Athanasie akamupa maji akidhani ni kiu. Alifariki tarehe 11, asubuhi, akiwa na miaka 65.

Florent alifika kesho yake. Hata valizi ya safari hakuiweka chini.

“Papa aliniachia neno?”

Mama Léocadie akalia: “Hakusema kitu, mutoto wangu. Hakuweza.” Florent akakaa kwenye mulango, mikono kwenye magoti, vilevile kama baba yake alivyokaa mwaka 1957. Athanasie aliona vile, moyo ukamuuma sana. Lakini atampa nini, naye hana kitu? Ndivyo alivyofikiri.

Mupaka leo asubuhi. Florent alieleza kiini, akaeleza kuanguka, akaeleza Noeli ile. Alipofika kwenye kile kidogo cha pembeni, kisicho na kazi, kinachongoja kikubwa kianguke, kalamu ilitoka mukononi mwa Athanasie.

“Na baba yako alikitengeneza?”

“Sijue, tantine. Nilikuwa nimekwisha toka.”

Athanasie alikwenda kusimama nyuma ya jiko, karibu na mufereji. Ee Mungu wangu! Zéphirin, utusamehe, mufereji wako ni muzuri, lakini lile neno halikuwa lako. Alitaka kumwita Florent palepale. Lakini sanduku la marehemu lilikuwa tayari linatoka. Na tena kwetu neno la muzee linatolewa mbele ya ndugu na majirani, ili kesho mutu asianze kubisha juu ya viatu na ng'ombe.

Marehemu anaacha mujane, Mama Léocadie; mudogo wake, Athanasie; watoto, Béata, Zéphirin, na Florent.

Florent, usimame. Usitazame kaburi, tazama huku. Baba yako aliacha neno. Aliliweka pembeni kwa mutu asiyeelewa kitu, kwa kuwa wewe ndiye ulimufundisha kufanya vile. Neno lenyewe ni hili: mutoto alikuwa na haki. Ulichosema alikifanya na mikono yake, na kinatumika vizuri.

Yaya Damien, uliyempa kukaa nalo amelitoa. Lala salama sasa. Safari hii neno limefika nyumbani.