Tangi Chini ya Kiti

Kijiwe chetu hapa Mkomaindo ni ubao mmoja mrefu, mkebe wa kashata, na birika la Mama Siti. Mbele yetu, hatua kumi na tano tu, Landrova ya marehemu Shehe Abdulrazaki imepandishwa juu ya mawe. Gari hilo ndilo lililowarudisha nyumbani wanajando wa mtaa huu, sisi tuliokaa hapa tukiwemo, na Jumamosi mwanawe Nurdini anataka liwarudishe wa mwaka huu. Injini inawaka, ikinyweshwa petroli ya kidumu. Tangi ndilo limeoza. Asubuhi nzima fundi Optatus amelala chali uvunguni akipambana na bolti nne zilizoshikwa na kutu. Amezigonga, amezibembeleza, amezimwagia mafuta ya breki. Mbili zimekubali. Mbili zimekataa. Sasa ameagiza mtungi wa gesi, azikate kwa moto.

— Yule atalipuka, akasema Khalidi, tunayemwita Mwamuzi.

— Alipuke na nini? akadakia Husseni Redio. Gari limelala miaka kumi na miwili. Petroli ikikaa inachacha kama togwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Methali hiyo imeingilia wapi?

— Mlango wa nyuma. Kunywa kahawa.

— Tangi tupu ndilo baya, Redio. Lina mvuke.

— Kutu imelitoboa juu, mvuke ulishahama zamani!

Zabroni, kinyozi ambaye kibanda chake kimepakana na Landrova hiyo, alisukuma kikombe mbele. Mama Siti akammiminia.

— Halafu wameliweka chini ya kiti cha dereva, akasema Mwamuzi. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hamjui kitu ninyi. Siku gari lile liliponunuliwa, bibi yake Shehe alimwaga unga wa mtama kwenye magurudumu yote manne. Gari la unga haliungui.

— Redio!

— Wallahi! Lilipita katikati ya mikorosho inayowaka kule Chilangala, likatokea upande wa pili limelowa!

Mtungi ulikuwa umefika, na Optatus alikuwa anakaza mpira wa gesi. Zabroni akasukuma kikombe tena.

Hapo akatokea Anjelina, mke wa Optatus, na hotpoti ya chakula.

— Shikamooni.

— Marahaba, Mama Sophia.

Akamtazama mumewe akijiingiza uvunguni, bomba la moto mkononi.

— Kwani ndani ya hilo tangi mna nini?

Mwamuzi alikuna goti. Mimi nilitazama kashata.

Kule uvunguni kiberiti kiligoma. Kikagoma tena.

Kikombe cha Zabroni kilianguka.

— Baba Sophia! Usiwashe! Toka humo!

Zabroni alikimbia na kandambili moja. Akaufunga mtungi mwenyewe.

— Kuna nini? akauliza Nurdini, akizunguka kutoka upande wa pili wa gari.

— Kuna kitu changu.

— Kitu gani?

— Gongo. Lita ishirini. Msimu wa mabibo, polisi walipopita... Nikasema, gari la shehe, nani atalipekua?

Nurdini alifungua kifuniko cha tangi. Harufu ilitufikia hata sisi kwenye ubao, kali, ya mabibo yaliyopikwa. Akaweka kiganja juu ya boneti, kama anayemtuliza mtu.

— Ndani ya gari la baba, Zabroni. Lililokurudisha nyumbani.

— Nilikuwa nasubiri bolti zikubali. Zingekubali, ningejitolea kwenda kulitupa hilo tangi.

Optatus alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu, kiberiti bado mkononi. Anjelina alimnyang'anya. Kisha akaja mpaka kwenye ubao wetu, akakiokota kikombe cha Zabroni mavumbini, akakigeuza.

— Shemeji, ulikunywa vingapi ukisubiri?

Zabroni akainama kutafuta kandambili yake ya pili.

— Na ninyi mliosema atalipuka?

Mama Siti, ambaye pekee alijua hesabu ya vikombe vyake na vyetu, aliinua birika, akalitikisa. Lilikuwa tupu.