Pikipiki Iliyokuwa Ikivuta Kushoto

Sogeeni karibu, wanangu, nyote wawili, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Mama yao, niinulie huu mto kidogo, kisha ukae hapa miguuni, kwa kuwa na wewe yanakuhusu, ingawa mengine unayajua. Daktari amesema mapafu yangu yamejaa moshi wa miaka arobaini ya kuchomelea mageti ya watu, na mimi sikubishana naye, kwani moshi ule nilikuwa nauona ukiingia. Nisikilizeni mpaka mwisho. Nikikohoa msiniambie nipumzike, huko niendako nitapumzika mpaka nichoke.

La nyumba ni fupi. Nyumba hii ni ya mama yenu, vyumba vyote vitatu na uwanja wa nyuma, na asitokee mtu wa kumwambia ahamie chumba kidogo. Akiondoka na yeye, gawaneni wenyewe, kwa sababu watu wazima wawili waliolala kitanda kimoja utotoni hawawezi kushindwa kugawana vyumba vitatu. Mashine ya kuchomelea na kinyago chake cha kioo ni vya binti yangu. Mwanangu mkubwa, usinitazame hivyo. Najua mtaa mzima unasema mashine ni ya mtoto wa kiume. Nitakupa sababu, na sababu yenyewe ndiyo iliyonifanya nikuite uache lindo lako na uje uketi hapa mchana huu.

Linalobaki ni pikipiki.

Unakumbuka ilivyofika hapa, fremu imeliwa na kutu na injini imo ndani ya gunia, tukapewa bure kwa sharti la kusafisha banda la mwenyewe. Tuliijenga pale varandani, mimi na wewe, miezi saba. Tangi tulilitoa kwenye jenereta iliyoungua, bomba la moshi lilikuwa mguu wa kitanda cha chuma, taa ilitoka kwenye trekta, na madigadi tuliyakata kwenye dishi la televisheni. Dada yako akatushonea kiti kwa sponji ya kochi na koti la mvua. Mama yenu alikuwa akipita na ndoo yake akituuliza, "Mnatengeneza pikipiki au mnapanga tu vyuma chakavu vizuri?" Tulicheka, na tulikuwa na furaha, hilo nalisema wazi, sijawahi kufurahi na mtu kazini kama nilivyofurahi na wewe miezi ile.

Ulitaka ibebe abiria wawili na mzigo, upate riziki yako nayo. Nikasema basi tuurefushe ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, tuuongeze shubiri moja. Kazi hiyo niliifanya peke yangu. Siku ile majirani walikuwa wamejaa uwanjani kutazama, na mimi nikataka wanione mzee asiyepima mara mbili, nikachomelea upande mmoja mpaka mwisho kwa moto mmoja, kisha nikageukia wa pili. Chuma kikipata moto kinavuta na kupinda, kila fundi anajua. Mwanafunzi wangu angefanya vile ningemnyang'anya nyundo na kumrudisha kwao. Mimi nilifanya, watu wakapiga makofi, nikapanda kuijaribu, na kabla sijafika kona ya kwanza nilikuwa nimeshajua. Ilikuwa ikivuta kushoto.

Sikusema. Nilirudi nikishikilia usukani kwa nguvu zote, nikashuka nikicheka, nikakukabidhi ufunguo.

Wiki ile ile ulinijia ukaniuliza mbele ya watu, "Baba, mbona inavuta?" Nikakujibu, "Inavutwa na huyo aliyeikalia." Watu waliangua kicheko, na mimi nikaona nimepata pa kujificha, nikaongeza la pili, nikakuita Kushoto. Jina hilo nililitunga mimi, kwa mdomo huu. Likapita mtaani, wauza duka wakalichukua, watoto wakalichukua, mpaka abiria wakawa wanauliza, "Yule Kushoto yupo leo?"

Halafu ikaja ile asubuhi ya mvua, lori mbele yako, na ile pikipiki ikakuvuta mtaroni. Nilikuja hospitali nikakuta mguu wako umefungwa mbao, na jambo la kwanza nililokuambia, badala ya pole, lilikuwa, "Si nilikwambia mikono yako mizito?" Ukanitazama ukasema, "Ndiyo, baba." Moshi unanisumbua kifuani, mwanangu, lakini hiyo "Ndiyo, baba" yako imekaa ndani zaidi kuliko moshi. Miaka sita sasa unalinda geti la mtu ukiwa umeketi kwenye stuli, hata baiskeli huigusi, ukitumwa mbali unakwenda kwa miguu huku unachechemea, kwa sababu uliamini huna mikono. Mikono unayo. Haikuwa wewe. Ilikuwa mimi, na nilijua tangu siku ya kwanza.

Ngoja. Maji kidogo... Asante, mama.

Usinyanyuke, kaa. Hasira utazipata baadaye, ni haki yako, lakini kwanza sikiliza alichofanya huyu dada yako, kwa kuwa katika maisha yangu yote ya ufundi sijaona kazi kama ile.

Pikipiki ilikaa chini ya turubai miaka mitano, na hakuna aliyetaka kuitazama. Siku moja yeye aliacha cherehani yake, akalifunua lile turubai, akachukua uzi wa kushonea, akaufunga kwenye gurudumu la nyuma, akaunyoosha mpaka la mbele, upande huu na upande ule. Uzi wa huku uligusa, wa kule ukabaki hewani, upana wa kidole gumba. Akaja akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, pande mbili za ule mkono wa nyuma haziko sawa." Nikamfokea. Nikamwambia, "Wewe kashone magauni, mambo ya chuma huyajui." Akaniambia, "Sawa, baba," akaondoka, na kesho yake akarudi na karatasi.

Karatasi, wanangu! Alitandaza karatasi kubwa chini, akauchora ule mkono wa chuma kama anavyochora gauni, akaukata kwa mkasi, kisha akaukunja katikati. Upande mmoja ukatokeza nje ya mwenzake. Akaninyooshea. Miaka arobaini nimepima vyuma kwa futi na kwa jicho, na haikunijia kamwe kwamba kosa langu lingeweza kukunjwa mara mbili likaonekana na mtu yeyote, hata asiyejua kushika nyundo.

Hapo nikamwambia ukweli wote, na nikamwapisha asikwambie. Alilia. Akaapa, kwa sababu nilikuwa baba yake na nilikuwa nimeanza kuumwa, basi lawama ya ule ukimya usimpe yeye hata punje. Alichoomba ni kinyago changu tu.

Alijifundisha kwenye vipande vya mabati, wewe ukiwa lindoni na mimi nimeketi dirishani hapa. Alijiunguza vidole, akaunguza na kanga, mama yenu akawa anamwita Bibi Cheche. Kisha akaukata ule mkono wangu, akaujenga upya kwa vyuma vya dirisha la zamani, na tazameni alivyofanya: nukta moja ya moto huku, anasubiri ipoe, anavuta uzi wake, nukta moja kule, anasubiri, anavuta uzi. Siku nzima ilipita kwa kazi ya saa moja. Wapita njia walimcheka, "Fundi, unachomelea au unatia vifungo?" Akawajibu bila kuinua kichwa, "Natia vifungo, leta shati." Nilikuwa nimeketi hapa nikitamani kumwambia aharakishe, kisha nikaona kwamba ninachokitazama ni ule ufundi niliokuwa nikiwafundisha watu nikasahau kuufanya. Alipomaliza, ule mshono wa chuma ulikuwa sawa kama pindo la sare ya shule. Nilitembea mpaka nje kwa fimbo kwenda kuupapasa.

Ndiyo maana mashine ni yake.

Na pikipiki, nilimwambia dada yako, "Ni yako, uichukue." Akanijibu, "Mimi nimemtengenezea kaka." Kwa hiyo, mwanangu, pikipiki sikurithishi mimi. Mimi sina pikipiki. Anakupa dada yako, na mimi ninachokupa ni maneno haya tu, yaliyochelewa miaka sita. Nilikukosea. Mara ya kwanza kwa moto, mara ya pili kwa mdomo, na ya mdomo ndiyo kubwa.

Mambo ya mwisho. Siku ya kunizika, watu wakiwa wamekusanyika, mama yenu asimame awaambie haya yote, asipunguze. Nimeshamwomba. Wacheke, wanicheke mimi. Atakayekuita lile jina baada ya hapo, muulize kama alikuwa mazikoni. Binti yangu... usifanye kazi bila kinyago hata kwa nukta moja. Na fungua madirisha. Moshi uutoe nje.

Mikono yenu. Nyote wawili, iwekeni hapa. Mungu awape kazi msiyoionea aibu, na mtu wa kuwaambia mkikosea, na masikio ya kumsikia... mimi nilikuwa naye, sikumsikia.

Usinijibu sasa. Ukinijibu sasa utanijibu kwa huruma, na mimi sitaki huruma. Chukua ufunguo, uko kwenye msumari. Dada yako akae nyuma. Nendeni mpaka kwenye lami, pale inaponyooka... nendeni polepole... legeza mkono mmoja. Kisha wa pili. Uone inavyokwenda.

Mama yenu yuko hapa. Nendeni... msirudi haraka kwa ajili yangu.