Mafuta Mdomoni, Mkwe Mlangoni

Ndani ya kivuko cha Kamanga, kutoka Mwanza kwenda upande wa Sengerema, nilikaa nyuma ya watu wawili wasiojuana: dada mmoja, Suzana, na muuza dagaa aliyejitambulisha kama Mbaruku. Suzana alikuwa anakwenda kumwomba radhi baba mkwe wake.

"Kila asubuhi nasukutua mafuta ya ufuta, bibi alinifundisha," alisema. "Unayazungusha mdomoni mpaka yawe meupe. Juzi nimejaza mashavu, nageuka, mzee huyu hapa mlangoni, katoka Sengerema bila taarifa!"

"Ungemsalimia, dada."

"Kwa mdomo upi? Nilipiga magoti, nikasema mmm. Akarudi zake hapo hapo. Anasema nimemnunia, na mume wangu sasa hanisemeshi."

"Basi ungemeza."

"Kaka, yale hayamezwi! Yamebeba uchafu wote wa kinywa."

"Ungetema."

"Mbele ya mkwe?"

Nyuma yao, nami nilimtafutia jibu. Nina kitabu kizuri cha afya nyumbani; kinaeleza usafi wa kinywa kwa kirefu, lakini wakwe hakiwataji.

"Mimi napiga mswaki tu," Mbaruku alisema, "na wakwe zangu wananipenda."

"Wanapenda dagaa wako."

Kivuko kilipogusa gati, Suzana alimwona mzee mwenyewe kati ya wanaosubiri kuvuka. Hakungoja mlango ushushwe.

"Shikamoo, baba!" alipaza sauti.

Wazee wote pale gatini waliitikia marahaba, hata mimi, mzee mwenzao, nyuma yake. Baba mkwe peke yake ndiye aliyeendelea kulitazama ziwa.