Sauti za Wanaume Dirishani kwa Mjane

Assalaam alaikum, mama zangu na dada zangu. Bi Mwenyekiti amenitaka nisimame mbele. Nitakaa papa hapa mkekani, mtanisamehe. Nikisimama nitaanza kusema kama mwalimu, na leo sikuja kufundisha.

Nyote mwajua nilifiwa na mume. Wengi wenu mlikuja mkapika, mkalia nami. Msilolijua ni yaliyofuata, baada ya matanga kwisha na masufuria kurudi kwa wenyewe. Hayo ndiyo nitakayosema, na sitamtaja mtu. Mwenye kujijua atajijua, nami simtafuti.

Marehemu aliniacha katikati ya masomo. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya teknolojia ya fedha, kwa mtandao, hapa hapa Kipungani. Jina ni refu, najua. Tulisoma jinsi pesa zinavyopita kwenye simu, na jinsi zile programu za mikopo zinavyoamua nani aaminiwe na nani akataliwe, bila ya kumwona uso. Mume wangu ndiye aliyenitia humo. Kila niliposema nimechoka naacha, yeye husema nikiacha ataingia darasani yeye kwa jina langu, na aibu itakuwa yangu. Naye alikuwa hajui hata kuwasha kompyuta.

Basi nikaingia eda. Kwa wageni mlio kati yetu: mjane wetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, wala hajipambi. Eda haikunishinda. Ni ibada, na chakula kilikuwamo. Kilichonishinda ni dirisha.

Mtandao nyumbani kwangu hushika mahali pamoja tu, dirisha la uchochoroni. Nikatundika leso, nikaweka kompyuta nyuma yake, nikasoma kila alasiri ya darasa. Vile vya kutia masikioni vilikuwa vimekufa. Kwa hivyo sauti za walimu na wanafunzi wenzangu, wengi wao wanaume, zilikuwa zikimwagika uchochoroni. Mpita njia asikie nini? Mjane yumo edani, nyuma ya leso wanaume wanazungumza, na yeye mwenyewe anacheka. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilicheka mara moja tu, paka wa mwalimu alipopanda juu ya meza yake. Hiyo moja ikatosha.

Waliokuwa wakija na ukili wao wa mikeka tusuke pamoja wakapungua. Kisha salamu za mlangoni zikawa fupi. Kisha mlango ukawa hausikiki ila punda wakipita wakiusukuma. Nikaandaa vikombe viwili vya kahawa, nikarudisha kimoja kabatini. Nilikuwa mpweke, mama zangu, mpweke wa kuzungumza na birika.

Na huko darasani hakukuwa na afueni. Sikumwambia mtu kuwa nimefiwa. Kamera nilikuwa nimeizima tangu nilipoingia eda, na kazi ya kikundi ilinipita. Mmoja akaandika, wote wakasoma, kwamba kuna mtu anabebwa mgongoni. Ningeanzia wapi kumweleza?

Siku hizo, kwa ajili ya utafiti wangu, nikafungua programu mojawapo ya mikopo kwenye simu yangu mwenyewe. Ikaniambia siaminiki tena. Sikuwa na deni. Tangu mazishi sikuwa nimemtumia mtu pesa wala kununua kitu kwa simu, basi. Mashine ilisikia kimya, ikajitungia habari. Nikasema, hata wewe? Nikalia mpaka leso ya dirishani nikaitungua nijifutie. Nikaazimia kuacha masomo.

Kesho yake mavyaa akafika kutoka Matondoni, mamake marehemu. Nilijua alilojia.

"Habari zimefika Matondoni," akasema.

"Najua, mama."

Akakaa chini ya dirisha, akatoa ukili wake. Saa ya darasa ikafika, nami kwa kiburi changu nikaiwasha kompyuta mbele yake, asikie mwenyewe, kisha anikatae. Akasikiliza kwa muda.

"Hawa ndio wanaume wako?"

"Ndio."

"Wasema nini?"

"Habari za pesa za simu."

Akasuka, akasikiliza tena. "Wachusha," akasema. "Basi soma. Mimi nimekuya kukaa."

Hakunihoji tena. Kila siku ya darasa alikuja, akakaa pale pale. Siku nyingine alisinzia. Mama yule alikuwa amezika mwanawe, na mimi nilikuwa sijamuuliza hata mara moja analalaje. Ana kikohozi kikubwa, mwakijua, na kikawa kinatoka uchochoroni pamoja na sauti za walimu. Wapita njia wakajua nani yumo, maneno yakajifia.

Ikaja siku ya kutetea utafiti wangu. Mwalimu akataka nionyeshe uso, wajue ni mimi. Nikasema basi, hapa ndipo mwisho. Mavyaa akaenda kwa ustadhi, akarudi na jibu: ni haja, ajistiri, aseme. Kisha yeye mwenyewe akavaa buibui lake, akaja kukaa ubavuni mwangu, mbele ya kamera.

Mwalimu akauliza ni nani huyo. Nikasema: "Ni mamake mume wangu. Mume wangu amekufa, mimi niko eda, naye amekuja kukaa nami."

Neno hilo, "amekufa", nilikuwa sijalitamka kwa kinywa changu. Kisha yule aliyeandika habari za mgongo akawasha kamera yake. Alikuwa jikoni, na mtoto begani. Akawasha mwingine, na mwingine, mpaka kioo chote kikajaa nyuso. Mavyaa akasogea karibu akawatazama mmoja mmoja.

"Kumbe ni watu," akasema.

Nikaeleza utafiti wangu: mjane anaponyamaza edani, mashine humhesabu pamoja na waliotoroka madeni, kwa sababu hakuna aliyeifundisha kimya ni nini. Nikapita, alhamdulillah.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mwalimu na wenzangu wa mbali. Mavyaa nimemshukuru, akaniambia nisimchoshe. Na ninyi pia nawashukuru, maana nilipotoka eda mmoja wenu aliniambia kwa nini aliacha kuja. Hakuwa na ubaya wowote. "Nilidhani una watu," akasema.

Mama zangu, msidhani mtu ana watu. Nendeni mwone.

Kuna mwenzetu ameingia eda wiki hii, nyuma ya madrasa. Jana nimepita, mlango umerudishwa, redio inalia ndani kwa sauti kubwa. Nimesikia tayari watu wanauliza mfiwa gani huyo mwenye redio. Mimi siulizi. Ukili wangu ninao hapa kapuni, na dua ikiisha nakwenda kukaa naye. Mwenye nafasi na tufuatane.