Vyungu Vitatu vya Dirishani: Maisha ya Mama Nukta

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba seremala na mama mkunga. Alizaliwa wa miezi saba, mwembamba kama kijiti cha kiberiti, na bibi yake alipomwona alitikisa kichwa, akasema, "Huyu hatufiki naye mbali." Alifika miaka sitini na saba.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari hadi 1974. Moyo wake ulikuwa kwenye ualimu, lakini mwaka huo msumeno ulimkata baba yake vidole viwili, na nyumba ikahitaji mtu wa kufanya kazi haraka. Akajifunza kupiga chapa kwa mwaka mmoja, akamaliza wa kwanza darasani.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa mahakamani kuwa karani mpiga chapa, akabaki hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Machi 2012. Jina la Mama Nukta alilipata huko. Siku moja alirudisha hukumu kwa hakimu kwa sababu sentensi ya mwisho haikuwa na nukta. Hakimu akaguna, "Nukta moja tu, mama?" Akajibu, "Mheshimiwa, bila hiyo mfungwa hajui kama umemaliza." Hakimu alicheka mpaka akavua miwani, na jina likaganda.

Mumewe alikuwa fundi wa taipureta. Mwaka 1979 alikuja mahakamani kutengeneza mashine ya Mama Nukta mara tatu katika mwezi mmoja. Mashine ilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa fundi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1980, wakajaliwa binti mwaka 1984 na mwana wa kiume mwaka 1988.

Binti yao alisomea elimu ya mimea, akawa msaidizi wa maabara chuoni. Tarehe 2 Juni 2015 alifariki kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Aliugua siku nne tu. Kwenye dirisha la chumba chake aliacha vyungu vitatu vya ile mimea inayonasa wadudu: ncha za majani yake hurefuka, zikaning'inia na kuwa vitungi vyenye vifuniko, na nzi akitua ukingoni huteleza ndani asitoke tena.

Mama Nukta hakuwahi kupanda hata mchicha. Alivibeba vyungu vile kwa mikono yake mwenyewe, akavihudumia kama mzazi aliyefiwa anavyoweza kuhudumia. Aliongeza samadi. Alimwagilia maji ya bomba asubuhi na jioni. Kila kitungi alikidondoshea kipande cha nyama ya kusaga. Baada ya wiki sita mmea wa kwanza ulikuwa mweusi hadi shinani. Mumewe alimkuta ameketi sakafuni, chungu kiko mapajani.

"Nimemuua tena," alisema.

"Hukumuua mtu, mke wangu. Simama tukaulize wanaojua."

Walimwendea mtunza bustani wa chuo, aliyemfahamu binti yao vizuri.

"Mliupa nini?" aliuliza.

"Nilimpa kila kitu," Mama Nukta akajibu.

"Ndilo kosa, mama. Huu umezoea udongo wa dhiki. Ukiushibisha, mizizi inaungua. Toa udongo wote, weka makumbi ya nazi yaliyosuuzwa na changarawe. Maji yawe ya mvua. Uweke penye mwanga, halafu uuache. Nzi wake utamtafuta wenyewe."

Kuuacha ndiko kulikomshinda. Mmea wa pili nao ulikufa, maana mizizi ilikuwa imeshaoza. Wa tatu ulidumaa miezi minne. Alipanga ndoo chini ya michirizi ya bati, akanunua daftari, akaandika kila siku alichokiona, hata siku ambazo hakuona kitu. Mwezi wa Januari kitungi kipya kilifungua kifuniko chake. Aliita nyumba nzima waje kuona. Nzi mmoja akatua, akateleza, akazama. Mama Nukta alipiga makofi, kisha akajifunika uso kwa kanga. "Angekuwapo akaona," alisema.

Kufikia 2019 alikuwa na vyungu kumi na tisa, na mazungumzo yake yote yalikuwa ya majani. Jumapili moja mwanawe alifika kumwambia kwamba mkewe ni mjamzito. Alimsubiri amalize kunyunyizia maji, akasubiri, mwishowe akasema, "Mama, na mimi bado niko hai."

Mama Nukta aliweka chombo chini. Hakujitetea. Alimshika mwanawe mkono, akamkalisha jikoni, akamwomba msamaha, wakalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu msiba. Tangu siku hiyo hakuna Jumapili iliyopita bila wao kuonana au kupigiana simu. Mwana huyo ndiye anayeusoma wasifu huu, na ndiye aliyeomba maneno hayo yasifichwe.

Februari 2022 figo za Mama Nukta zilishindwa kazi. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, akavumilia, akawatania wauguzi kwamba wanamfua kama shuka. Septemba mwaka huu moyo nao ukachoka.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2024, mwanawe alimpelekea nguo safi wodini. Mama alimtazama usoni. "Umekula?"

"Bado, mama."

"Nenda kale kwanza. Nipo."

Alikwenda, akanywa chai, akarudi mbio. Saa nne na dakika kumi. Hakumkuta.

Ameacha mume, mwana mmoja, mkwe, wajukuu wawili, kaka wawili na dada mmoja. Analazwa leo kando ya binti yake, kama alivyoomba. Mwenyezi Mungu ampokee, na huko alikokwenda apumzike, asiamke tena kwa kilio.