Koti la Kampuni ya Mgodi

Kwenye basi la Kautokeino, kwetu Wasami kaskazini mwa Norwe, bibi aliyeketi mbele yangu alimgeukia jirani yake, mwanamume asiyemjua, aliyevaa koti lenye nembo ya kampuni ya mgodi. “Msami mzima! Jana mahakama iliwazuia kuchimba pale kulungu tunaowafuga wanapozalia, nawe bado unavaa nguo yao?”

“Waligawa bure kwenye mkutano wao na wanakijiji, shangazi. Nikala keki yao, nikavaa koti lao, kisha nikawapinga.”

“Keki nayo?”

“Tena nikaongeza kipande cha pili.” Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu kesi ianze, kicheko kilikuwa haba kwetu.

Ghafla dereva akasimamisha basi. Kulungu wenye mimba walikuwa wakivuka barabara polepole, wakielekea malishoni kwao. Yule mwanamume akaanza kuwahesabu.

Bibi akamchapa mkono. “Kwetu si adabu kuhesabu mali ya watu! Au koti limeshakuingia mwilini?”