Profesa Hana Kofia

Pale Dalmurrin, nje ya lango la kiwanda cha kutia vitambaa rangi, kuna ubao uliolazwa juu ya mapipa mawili, na mbele yake mkokoteni wa kahawa wa Mama Orr, mwanamke wa chama cha kupinga pombe ambaye kahawa yake imewarudisha wengi kwenye pombe. Hapo ndipo kijiwe chetu. Mto wetu ni mwekundu kwa rangi, mikono ya watu ni miekundu hadi viwikoni, isipokuwa yangu, kwa sababu mimi nina shahada ya Chuo Kikuu cha Glasgow, ya Kilatini, na Kilatini hakina kiwanda. Wananiita Msomi, kwa kejeli. Anayeitwa Profesa kwa heshima ni Wattie Lamont, aliyeacha shule akiwa bado hajaota ndevu. Cheo hicho alipewa na Waingereza. Mskoti yeyote waliyemchukua kwenda kwao, wakamlipa ili awaonyeshe jinsi ya kupasiana mpira, walimwita profesa. Kwa hiyo nchi hii ina maprofesa wa miguu wenye ajira, na sisi wa vichwa tunaota jua la Aprili ambalo halina joto.

Ijumaa hiyo kijiwe kizima kilikuwa na jambo moja. Kesho yake Uskoti ilikuwa inacheza na Uingereza, Glasgow, na kwa mara ya kwanza wameitwa Waskoti wanaocheza kwenye ligi ya Waingereza. Miaka yote kabla ya hapo, Mskoti akienda kule kucheza kwa mshahara, nchi yake ilimfuta. Haitwi tena. Wattie alikwenda mwaka elfu moja mia nane themanini na tisa, akarudi na goti bovu mwaka tisini na nne. Sasa ni tisini na sita, na sheria imekufa.

— Kesho saa nne tuko stesheni, alisema Sabini na Mbili. Profesa, usituletee habari za goti. Goti halitembei, inayotembea ni treni.

— Siendi, alisema Wattie.

— Kwa nini?

— Nina kazi.

— Jumamosi mchana kiwanda kimefungwa, bwana.

— Nitaitafuta.

Sabini na Mbili jina lake ni Archie Buchan, ila anaapa kwamba aliiona mechi ya kwanza kabisa ya mataifa haya mawili, mwaka sabini na mbili, na tangu aape hajanyamaza.

— Chanzo cha yote nilikiona kwa macho yangu, alisema. Uwanja wa kriketi, tope mpaka hapa. Mwingereza anakimbia na mpira peke yake kama mtu aliyeiba kuku. Sisi tunapasiana. Hakuna aliyefunga. Goli lenyewe halina mwamba, juu wamefunga kamba tu, na shuti letu likatua juu ya kamba. Niliiona ikitikisika.

— Kamba pekee uliyoiona ni hii unayotufunga sisi, alisema Mama Orr. Siku hiyo ulikuwa kitandani na matumbwitumbwi. Mama yako aliniambia.

— Nilitoroka nayo. Sasa sikilizeni. Waingereza wakaona hawatuwezi. Tukawafunga mwaka hadi mwaka mpaka tukawaonea huruma. Ndipo wakaunda ligi, themanini na nane, timu kumi na mbili. Mnadhani yale ni mashindano? Ule ni mtego wa panya, na mshahara ndio jibini.

— Hapana, alisema Ebenezer Tulloch, tunayemwita Shemasi kwa sababu ndiye anayepitisha sahani ya sadaka kanisani. Ligi ni ya watu wa reli. Kila timu icheze na kila timu, nyumbani na ugenini. Huko ugenini unakwenda kwa miguu?

— Nyote hamjui kitu, alisema Mama Orr. Ligi waliitunga wanawake. Zamani mume anakwambia anakwenda kwenye mechi, kumbe wageni hawakutokea, mechi imevunjika, na yeye anarudi usiku anaimba. Ratiba ilipotoka, mke anajua Jumamosi hii yuko wapi na ijayo yuko wapi. Ile ligi imepikwa jikoni.

— Ligi ni ya wenye viwanda, nilisema. Wanakusaga wiki nzima, halafu wanakupa mahali pa kupigia kelele ambazo haziwahusu wao.

— Msomi kaanza, alisema Shemasi. Mpeni kahawa.

— Mnyimeni, alisema Sabini na Mbili. Akishiba anahutubia.

Wattie alicheka. Nadhani ndicho kilichomponza Sabini na Mbili, maana akizoea kuchekewa hajui pa kusimama.

— Mimi nawaambia, alisema, wale wakubwa wa mpira kule Glasgow walikuwa wanasubiri goti la Profesa tu. Goti kwisha, sheria kwisha. Walijua wakimwita, atawafunga Waingereza mpaka Malkia alie mbele ya wageni.

Wattie aliacha kucheka.

— Hawakusubiri goti langu, Archie. Walishanisahau. Ule mwaka themanini na tisa nilikuwa wa akiba timu ya Uskoti, unakumbuka? Nilisafiri nao, nikakaa na koti langu mpaka mwisho. Mzee mmoja wao akanigusa bega, akasema, mwakani. Agosti baba akafa kwa mapafu, na nyumbani kuna mama na wadogo zangu. Calderbrook, kwenye ligi ya Waingereza, walikuwa wanalipa. Nikaenda.

— Ulifanya sawa, alisema Mama Orr.

— Huko, kila mwezi wa tatu ukiisha, Uskoti inapotaja timu, nilikuwa nanyoa, nasema labda mwaka huu wamebadilika. Mwenye nyumba niliyopanga alinipigia shati pasi bila kuniuliza. Likapigwa pasi miaka yote mitano.

Mama Orr alimwongezea kahawa. Shemasi hawezi ukimya nje ya kanisa.

— Lakini Profesa, tuseme kweli, alisema. Ungechaguliwa? Winga ya kushoto wakati ule ilikuwa imejaa watu.

— Angechaguliwa, alisema Sabini na Mbili. Nasikia kule alikuwa moto.

— Mimi nilisikia alipoa ule mwaka wa pili.

— Aliyekwambia ni nani?

— Watu.

— Mimi watu waliniambia alikuwa anawapita wanne, anawasubiri, anawapita tena.

Wakambishania hivyo, mtu mwenyewe kakaa katikati yao na mguu kaunyoosha. Wattie alikuwa anageuza kikombe cha bati mikononi, mikono ambayo kule kusini ilikuwa imetakata na sasa imerudi kuwa miekundu. Ile kofia ya mahameri wanayopewa waliochezea nchi alishajua hataivaa. Alichokuwa anakisubiri ni mtu mmoja wa Dalmurrin aseme, bila utani, kwamba ilikuwa yake.

Kando ya mkokoteni alisimama fundi mmoja aliyeletwa wiki ile kufunga rola mpya kiwandani, Mwingereza wa Lancashire. Alikuwa anakunywa kahawa ya Mama Orr bila kukunja uso, kwa hiyo tulijua ni mgeni.

— Samahani, jamani, alisema. Huyu si Lamont wa Calderbrook?

— Ndiye, alisema Shemasi. Na wewe?

— Entwistle. Kwetu ni huko huko. Nimewasikia mnabishana. Nani kati yenu alikuja kumwona akicheza?

Sabini na Mbili, mtu aliyekwenda mpirani na matumbwitumbwi, alitazama chini. Shemasi alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Mimi nina jibu la kila kitu, na mara nyingi nina majibu mawili, moja la Kilatini. Treni za kusini zilipita Glasgow kila siku, miaka yote ile, na hapakuwa na mtu wa ubao ule aliyewahi kupanda.

Wattie ndiye aliyesema.

— Ulikuwa unasimama wapi?

— Nyuma ya goli, upande wa reli. Mimi na baba.

— Basi ile mechi ya barafu uliiona.

— Niliiona. Baba aliizungumza mpaka anazikwa.

Honi ya kiwanda ililia kuwaita watu kazini. Hakuinuka mtu. Wattie aliushika mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akauvuta, akasogea mpaka pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kwenye ubao.

— Kaa, alisema. Waambie hawa.